Injini Kubwa Hula Zaidi Ikiwa Imesimama

Askari ye yote aliyepata kushika zamu kwenye lango la jengo la serikali katika jiji la Kampala amekwisha kuliona jambo hili kwa macho yake. Gari kubwa la fahari, lenye silinda nane chini ya boneti, linaingia uani. Mheshimiwa anateremka, analakiwa, anapanda ngazi kwenda mkutanoni. Dereva anabaki garini, vioo vimepandishwa, kiyoyozi kimefunguliwa, injini inaunguruma polepole. Saa ya kwanza inapita, ya pili inapita, na mara nyingine ya tatu pia. Gari halijasogea hata hatua moja. Mheshimiwa anaporejea, kiti ni baridi na mshale wa mafuta umeshuka.

Umeshuka kiasi gani? Na ni nani atakayeulizwa habari zake mwisho wa mwezi? Maswali haya si ya wivu, wala mwandishi hana nia ya kumwonea kijicho mtu aliyepewa gari na taifa ili afanye kazi ya taifa. Lakini katika majeshi yote ya ulimwengu mafuta huhesabiwa pamoja na risasi na chakula, na sisi tuvaao sare twajua maana ya kuhesabu risasi. Yafaa basi tulitazame jambo hili kwa makini, kwa kuwa wengi wetu tunalipokea kwa mazoea tu, na katika mazoea hayo limefichika kosa la hesabu ambalo limekwisha kuwaumiza watu wasio na hatia.

Mlafi asiyefanya kazi

Madereva wengi husema kwamba injini kubwa haichoki, na kwa kuwa haichoki haili sana. Usemi huu una chembe ya ukweli, na chembe hiyo tutaifikia. Lakini kwanza hapana budi tuelewe injini ya petroli inavyopumua.

Kila pistoni inaposhuka huvuta hewa. Hewa hiyo hupita katika kilango kidogo ambacho dereva hukifungua kwa kukanyaga mafuta. Akikanyaga kwa nguvu, kilango huwa wazi na injini hupumua vema. Akiondoa mguu, kilango hukaribia kufungwa, na pistoni zote hulazimika kuvuta hewa kwa taabu kupitia tundu jembamba. Mfano wake ni kuruta anayekimbia huku kitambaa kimefungwa puani: sehemu ya nguvu zake yaishia katika kutafuta pumzi tu. Sasa, injini ndogo inayosukuma gari mjini hufanya kazi ikiwa imefunguliwa kiasi cha kutosha. Injini kubwa katika kazi ile ile hubaki karibu imefungwa muda wote, maana kazi yenyewe ni ndogo mno kwake. Yavuta hewa kwa taabu mchana kutwa.

Pili kuna msuguano. Silinda nane zina pistoni nane, na kila pistoni ina pete zake zinazosugua chuma. Kuna vali kwa makumi, kuna pampu ya oili na pampu ya maji, kuna mikanda. Vyote hivi hudai chakula chao kila injini inapozunguka, gari liende lisiende. Injini ya petroli iliyo njema, ikipewa mzigo unaoifaa, hugeuza takriban theluthi moja ya nguvu iliyomo katika mafuta kuwa mwendo, na sehemu iliyobaki hupotea kama joto. Ikipewa mzigo hafifu, fungu hilo hushuka sana. Ikiwa gari limesimama, fungu hilo ni sifuri: mafuta yote yamekwenda katika joto, moshi na mngurumo.

Idara ya Nishati ya Marekani ilichapisha vipimo vya jambo hili mwaka 2015. Saluni ndogo yenye injini ya petroli ya lita 2, ikinguruma bila kwenda na bila mzigo wa kiyoyozi, ilitumia takriban lita 0.6 kwa saa. Saluni kubwa yenye injini ya lita 4.6 ilitumia karibu lita 1.5 kwa saa. Msomaji atazame kwamba tofauti ya ulaji yalingana karibu sawasawa na tofauti ya ukubwa wa injini. Magari yote mawili yalikuwa yakifanya kazi moja, yaani kutofanya kazi, lakini moja lilikula mara mbili na nusu ya mwenziwe. Ukiongeza kiyoyozi, kiasi hupanda kwa yote mawili.

Tatu ni uzito. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 200, ambayo hapa kwetu kila mtu humwita V8 kana kwamba hilo ndilo jina alilopewa na mama yake, ina uzito wa zaidi ya kilo 2,600 kabla ya kupakia mtu. Kwa hesabu ya fizikia ya shule, kulifikisha gari hilo kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kisha kulisimamisha kwa breki, ni kutupa takriban mililita 40 za petroli, yaani vijiko vinane vya chai. Saluni ya kilo 1,100 hutupa vijiko vitatu. Vijiko vinane ni kitu kidogo. Lakini ahesabu mtu mara ngapi husimama akitoka Kireka, apite Banda na Nakawa, hata afike Lugogo saa mbili asubuhi. Pale Wandegeya, au kwenye Mnara wa Saa, au Kibuye jioni, gari huenda urefu wake mara mbili na kusimama tena. Breki ishirini na tano za namna ile niliyoitaja zatosha kumaliza lita moja, na mwenye gari hajaona zaidi ya mgongo wa basi lililo mbele yake.

Shirika la Marekani la Hifadhi ya Mazingira lililipima gari hilo lenye injini ya petroli ya lita 5.7, likapata kwamba mjini hutumia lita 18 kwa kila kilomita 100. Kwenye barabara kuu hushuka hadi lita 13 hivi. Hapo ndipo ilipo ile chembe ya ukweli katika usemi wa madereva: likifika njia ndefu iliyo wazi, likiwa katika gia ya juu, injini kubwa hufanya kazi kwa utulivu na ulaji wake hupungua. Kwa hiyo aliyeendesha V8 kutoka Kampala hadi Gulu akarudi na kusema kwamba gari halikula sana, hakusema uongo. Alilipima mahali linapofaa. Shida ni kwamba magari mengi ya namna hiyo hayaendi Gulu. Huamkia Kololo, hushinda Nakasero, hulala Kololo.

Haki nayo itendeke kwa dizeli. Injini ya dizeli haina kile kilango cha hewa. Huvuta hewa kwa uhuru na kupunguza mafuta yenyewe. Kwa sababu hiyo V8 ya dizeli ya lita 4.5 hula kidogo kuliko ndugu yake wa petroli, hasa ikiwa imesimama. Lakini uzito ni ule ule, msuguano wa silinda nane ni ule ule, na gari hilo lenye nguvu ya farasi zaidi ya mia mbili likitambaa katika msongamano huhitaji farasi wachache mno. Waliobaki wamo zizini, na wote wanakula.

Koplo na kitabu cha safari

Sasa niruhusiwe kueleza kisa ambacho nilikuwamo, tena upande ambao sijivunii.

Nilipotoka chuo cha makadeti nikiwa luteni mchanga, nilipewa kwa muda kazi ya kusimamia magari ya kikosi kimoja ambacho sitakitaja. Kila mwisho wa mwezi nililinganisha vitabu vya safari na stakabadhi za mafuta. Kanuni ilikuwa nyepesi: kilomita zilizoandikwa, ugawanye kwa lita zilizotolewa, upate kiasi cha gari. Gari lenye kiasi kibaya kuliko kawaida yake, dereva wake huitwa kujieleza.

Palikuwa na koplo aliyeendesha gari kubwa la petroli, la silinda nane, alilokuwa akimbebea mkubwa mmoja. Kwa miezi miwili mfululizo hesabu yake ilikataa. Kilomita zilikuwa chache, lita zilikuwa nyingi. Katika jeshi, na nadhani polisi pia, lita zisizo na kilomita zina tafsiri moja tu: mpira mwembamba, jerikeni na mteja wa usiku. Koplo alijitetea kwamba gari linasimama likiwa limewashwa kwa saa nyingi kila siku, kwa amri. Mimi sikuona sababu ya kumwamini. Nilijua, au nilidhani najua, kwamba gari lililosimama halili. Niliandika maoni yangu. Akaondolewa kwenye usukani, akarudishwa kwenye ulinzi wa lango, na likizo yake ikafutwa.

Aliyenifumbua macho ni sajini mmoja fundi, mtu mzima mwenye mvi, ambaye alikuwa ameshika spana kabla mimi sijaanza darasa la kwanza. Hakunibishia. Alisema tu, "Afande, tulijaze hilo gari tuone." Tukajaza tangi mpaka shingoni. Tukaliwasha, tukafungua kiyoyozi, tukaliacha chini ya mwembe saa nne bila kuligusa. Kisha tukajaza tena mpaka shingoni. Zikaingia lita zisizopungua nane.

Lita nane kwa nusu siku ya kusimama! Nilichukua kitabu cha safari cha koplo yule, nikahesabu siku za mikutano, nikaona kwamba lita zilizopotea hazikuwa zimepotea popote. Zilikuwa zimekwenda hewani pale pale mlangoni, mbele ya macho ya walinzi. Niliandika barua ya kufuta maoni yangu. Koplo alirudishiwa gari, ingawa likizo ilikuwa imekwisha kupita, na harusi ya mdogo wake aliyoitakia likizo hiyo ilikuwa imefanyika bila yeye.

Nimekieleza kisa hiki kwa sababu kinaonyesha mahali kosa lilipo. Vitabu vyetu vya safari huhesabu kilomita. Injini kubwa mjini hula kwa saa. Anayehesabu kwa kilomita kitu kinacholiwa kwa saa atapata ama mwizi asiyekuwapo, ama mwizi aliyepo lakini aliyejificha nyuma ya saa ambazo hakuna aliyeziandika. Na mwizi wa pili yupo, tusidanganyane. Kanuni ya kilomita humlinda yeye pia, kwa kuwa dereva mjanja naye husema "gari lilikuwa limesimama," na hakuna karatasi ya kumpinga wala ya kumthibitisha.

Hesabu ya mwezi mmoja

Tufanye hesabu, na kwa ajili ya hesabu tu tuchukue bei ya shilingi 5,000 kwa lita. Gari kubwa la petroli la mjini liende kilomita 40 kwa siku, na lisimame likiwa limewashwa saa tatu, kwa siku 25 za mwezi. Kwa vipimo nilivyotaja vya Wamarekani, kilomita 1,000 zitakula lita 180, na saa 75 za kusimama zitakula lita 112 hata kabla ya kiyoyozi. Jumla ni lita 292. Saluni ya kawaida, inayokula lita 8 na nusu kwa kilomita 100 mjini, katika kazi ile ile itatumia lita 85 na 45, yaani 130. Tofauti ni lita 162 kwa mwezi, ambazo ni shilingi 810,000.

Fedha hizo kila mtu atazitazama kwa jicho lake. Mimi napenda kuzitazama kwa jicho la mkuu wa kituo cha polisi. Pikapu ya doria ya dizeli, ikiwa imebeba askari nyuma, hutumia kiasi cha lita 11 au 12 kwa kilomita 100. Lita 162 zaweza kuipeleka kilomita zipatazo 1,400. Huo ni mwendo wa kutoka Kampala kwenda Gulu na kurudi mara mbili, au ni doria ya usiku ya kilomita 45 kila siku kwa mwezi mzima. Na hii ni tofauti ya gari moja tu. Askari aliyewahi kupokea simu ya mwananchi anayelia kwamba wezi wako mlangoni, akageuka kutazama pikapu iliyoegeshwa kwa kukosa mafuta, hahitaji kuelezwa zaidi.

Njia moja ya mafuta

Yangekuwa mambo madogo kama tungekuwa na kisima na kiwanda nyuma ya nyumba. Uganda haina bandari ya bahari. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za petroli na dizeli yetu hupitia Mombasa, husukumwa kwa bomba hadi Eldoret na Kisumu, kisha hupakiwa katika malori yanayovuka Malaba na Busia. Fungu dogo hupitia Tanzania. Tangu Julai 2024 Kampuni ya Taifa ya Mafuta ndiyo mwagizaji pekee wa mafuta hayo, jambo lililoondoa baadhi ya madalali katikati, lakini barabara imebaki ile ile.

Wazee waliokuwa Kampala mwaka 1976 wanaikumbuka barabara hiyo vizuri. Baada ya makomando wa Israel kuvamia Entebbe usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, uhusiano wa serikali ya Idi Amin na Kenya ulivunjika, na mafuta yakakatika. Kenya ilidai ilipwe malipo yake kwa fedha yake. Katika majuma yale magari makubwa ya wakubwa na pikipiki za makarani yalikuwa na cheo kimoja. Makubaliano yalipatikana mwezi Agosti, lakini nchi ilikuwa imekwisha kuonja jinsi inavyokuwa kushikwa koo.

Januari 2008, fujo zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 zilifunga barabara na kung'oa reli, na bei ya petroli Kampala ikapanda maradufu na zaidi kwa siku chache. Januari 2022, madereva wa malori walipogoma mpakani kwa sababu ya malipo ya vipimo vya ugonjwa wa Korona, uhaba ulirudi, na mikoani lita moja ilifika mpaka shilingi 10,000. Ilikuwa mwezi ule ule ambao shule zilifunguliwa tena baada ya kufungwa karibu miaka miwili, na wazazi walibeba masanduku vichwani wakitafuta basi lenye mafuta.

Kuna wanaosema kwamba mafuta ya Bunyoro yatatuondolea hofu hiyo. Ni kweli kwamba mafuta yaligunduliwa katika bonde la Ziwa Albert mwaka 2006, na bomba la kilomita 1,443 lilibuniwa kutoka Hoima hadi Tanga. Lakini bomba hilo ni la kupeleka mafuta ghafi nje, na mafuta ghafi hayatiwi katika tangi la gari. Mpaka yasafishwe, petroli ya askari wa doria wa Kawempe itaendelea kutoka ng'ambo ya bahari.

Waliotutangulia kuhesabu

Mataifa tajiri nayo yaliingia katika somo hili kwa viboko. Nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta yao Oktoba 1973, bei ya pipa ilipanda takriban mara nne katika miezi michache. Marekani, nchi iliyokuwa ikijivunia magari marefu kama mitumbwi, ilitunga sheria mwaka 1975 ikiwataka watengenezaji wafikie kiasi cha lita 8.6 hivi kwa kilomita 100, kwa wastani wa saluni zao mpya, ifikapo mwaka 1985. Cadillac, gari la wakubwa wa huko, lilijaribu kuokoa heshima yake bila kupunguza injini: mwaka 1981 liliuzwa na injini ya lita 6 iliyoweza kuzima baadhi ya silinda na kuendelea kwa sita au nne. Wazo lilikuwa zuri, kompyuta ya siku zile ilikuwa nzito wa akili. Gari lilishtuka na kukwama, na wenye magari wengi wakawaomba mafundi waukate waya wa kifaa hicho. Ufundi huo ulikuja kufaulu miaka mingi baadaye, na hata leo faida yake huonekana zaidi kwenye njia ndefu kuliko kwenye msongamano.

Wanajeshi wana mifano mikali zaidi. Mwishoni mwa Agosti 1944 Jenerali Patton alisimama mashariki mwa Ufaransa, mbele yake adui anakimbia, kwa kuwa vifaru vyake vilikosa petroli. Desemba mwaka ule ule ikawa zamu ya Wajerumani. Kifaru chao kikubwa kuliko vyote vya mstari wa mbele, chenye uzito wa karibu tani 70 na injini ya silinda 12 ya lita 23, kilibeba lita 860 za petroli, nazo zilikitosha kilomita 170 hivi kwenye barabara nzuri. Kikosi cha Peiper kilichotumwa kupenya Ubelgiji kilitegemea kuteka mafuta ya Wamarekani njiani. Hakikuyapata ya kutosha. Mkesha wa Krismasi askari wapatao 800 waliviacha vifaru na magari yao katika kijiji cha La Gleize, wakarudi kwa miguu katika theluji.

Majirani zetu wamejaribu dawa mbalimbali. Rwanda, katikati ya muongo wa 2000, iliyakusanya magari ya serikali, ikayapiga mnada, ikawasaidia maofisa wanunue magari yao wenyewe. Mtu anayejaza tangi kwa fedha yake hujua upesi maana ya kuzima injini. Kenya, katika bajeti ya Juni 2009 iliyosomwa na Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha, iliamuru mawaziri watumie magari yenye injini isiyozidi lita 1.8, na Volkswagen Passat zikanunuliwa. Baadhi ya mawaziri walisitasita kuyaachilia yale makubwa, na ukitembelea Nairobi leo hutashangaa kuona kwamba makubwa yalirudi. Watanzania wao wameligeuza jambo lote kuwa neno moja, shangingi, ambalo kwanza lilikuwa jina la namna nyingine ya anasa.

Toyota yenyewe imekwisha kuiacha V8 katika Land Cruiser mpya ya mfululizo wa 300 iliyotolewa mwaka 2021. Injini yake ya dizeli ni ya silinda sita na lita 3.3, na ina nguvu kuliko ile ya silinda nane iliyoitangulia. Hata hivyo upungufu wa ulaji si mkubwa kama mtu angetumaini, kwa sababu mwili wa gari umebaki mkubwa.

Gari na mahali pake

Simo miongoni mwa wanaotaka magari makubwa yafutwe. Aliyepata kuvuka mito ya mchanga ya Karamoja wakati wa mvua, au kupanda milima ya Bundibugyo na mgonjwa nyuma, anajua kwamba huko saluni ni kaburi la muda. Kuna pia wakubwa ambao usalama wao unadai gari zito, na gari zito hudai injini nzito. Lakini hoja ya usalama imepanuliwa mno. Mara nyingi humfunika mtu ambaye hatari kubwa inayomkabili njiani ni kuchelewa chakula cha mchana.

Wala sitegemei kwamba koplo wa leo atamwambia mkubwa wake apande gari dogo. Lipo hata hivyo jambo lililo katika uwezo wetu sisi tunaoshika vitabu. Jenereta ya kambi huandikiwa saa zake za kazi. Trekta lina saa yake, na fundi hubadilisha oili kwa kufuata saa hizo. Gari la mkubwa lililosimama saa tatu kwa siku halina tofauti na jenereta, ila jenereta huwasha taa. Safu moja tu ikiongezwa katika kitabu cha safari, ya saa ambazo injini ilinguruma bila kwenda, na jina la aliyeamuru iachwe ikinguruma, hesabu ya mwisho wa mwezi itasomeka vingine kabisa.

Nilimpendekezea jambo hilo ofisa aliyenipokea ile kazi ya magari. Alinisikiliza vizuri, akasema safu ya saa haina taabu. Ile ya jina ndiyo aliyoomba muda wa kuifikiria, na bado anaifikiria.